Kadi ya Amsler kwa mwenye kisukari: nzuri, ila ina mipaka
Kadi hii ya miraba ya kujipima macho, yenye upande wa sentimita 10 na vijiraba vya milimita 5, inamfaa sana mtu aliyeambiwa kisukari kimeanza kugusa macho yake. Tatizo ni kwamba wengi huitumia vibaya. Vaa miwani yako ya kusomea, shika kadi sentimita 30 hivi kutoka usoni penye mwanga wa kutosha, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha kaza jicho lingine kwenye nukta ya katikati. Usiifuatishe mistari. Ukipima macho yote mawili kwa pamoja, lililo zima litaficha kasoro ya mwenzake.

Mistari ikijipinda, ikikatika au ikifunikwa na doa, huenda sehemu ya kati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imevimba. Nenda kliniki ya macho upesi, usingoje tarehe ya miadi.

Udhaifu wa kadi ni mkubwa. Vivimbe vidogo vya mishipa ya damu, dalili za mwanzo kabisa, kadi haivioni: mistari itaonekana imenyooka huku ugonjwa ukiendelea. Vivimbe hivyo huonekana kwa picha ya retina au kwa uchunguzi baada ya dawa ya matone ya kupanua mboni, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi daktari akisema. Ukiwekewa matone usiendeshe gari. Ukungu hudumu saa kadhaa.