Kinga ya VVU: kidonge cha kila siku au sindano ya miezi sita?

Utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ulitoa matokeo ya kutia moyo mwaka 2024. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa lenacapavir, sindano ya kinga ya kila miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa Truvada, kidonge cha kinga cha kila siku, waliambukizwa 16. Wengi hawakumeza kila siku, na hapo ndipo sindano inaposhinda: mara mbili kwa mwaka, bila kopo la vidonge la kufichwa chini ya godoro. Kidonge nacho kimezoeleka vituoni, na ukiacha, dawa hutoka mwilini upesi. Ya sindano hukaa miezi mingi. Anayeishi na mwenza mkali afadhali sindano, ikiwa imefika kituo chake. Mwenye hatari ya muda mfupi, anayeweza kumeza bila kukosa, vidonge vinamfaa. Wote wapime VVU kwanza.