Uzoefu wangu: mlo wa kabla na baada ya operesheni ya kupunguza tumbo

Nilifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo Chennai, India, katikati ya Februari 2023. Aina yake ni ile wanayoiita slivu: wanatoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama asilimia 75 hadi 80, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Niliondoka Dar es Salaam na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 161, nikiwa na kisukari cha vidonge na magoti yanayouma hata kwenye ngazi ya daladala. Sasa nina kilo 79. Kwa mkono wa daktari aliyenipasua sina neno, namuombea dua kila siku. Nataka kueleza habari ya chakula, maana huko ndiko nilikoteseka, na najua wapo wanaojiandaa kwenda wakiwa na karatasi kama niliyopewa mimi.

Karatasi ya kabla ilinifikia kwa WhatsApp wiki tatu kabla ya safari. Ukurasa mmoja. Wiki mbili nzima niwe nakunywa unga wa protini kwenye maziwa yasiyo na mafuta mara tatu kwa siku, supu ya mboga, bakuli la mboga za majani usiku, na maji lita mbili. Wali, ugali, chapati, viazi, matunda matamu, vyote marufuku. Jumla yake kama kalori 800 kwa siku. Kwa nini? Haikuandikwa.

Nina shoga yangu niliyesoma naye sekondari, yeye alifanyiwa Nairobi mwaka mmoja kabla yangu. Nikampigia. "Wiki mbili? Mimi niliambiwa siku tatu nile vyepesi, basi, na nikatoka salama salimini." Usiku ule nililala na mawazo. Nilijiuliza kama hospitali yangu inanitesa bure, au yake ilimfanyia haraka haraka.

Nilianza hivyo hivyo. Siku ya tatu, kama saa tano asubuhi, niko jikoni nakatakata mchicha, nikasikia jasho linanitoka kwenye nywele na kushuka shingoni. Mikono ikaanza kutetemeka mpaka kisu nikakiweka chini. Nilidhani ni njaa. Binti yangu ndiye aliyesema, "Mama, pima sukari." Kipimo kikasoma 3.1, yaani imeshuka mno. Akanikorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa nikiwa nimekaa chini nimeegemea mlango wa friji, tukapima tena baada ya robo saa, ikapanda.

Nilikuwa nameza glibenklamaidi, dozi ile ile niliyoandikiwa nilipokuwa nakula sahani ya wali mchana na ugali usiku. Dawa hiyo inasukuma sukari ishuke, umekula au hujala. Nimeacha wanga ghafla, dawa imebaki pale pale, lazima nianguke. Daktari wangu wa kisukari hapa Dar aliniambia angepewa taarifa mapema angeirekebisha dozi kabla sijaanza. Akanisimamishia kidonge siku hiyo hiyo na kuniamuru nipime sukari mara nne kwa siku. Ile karatasi haikuwa na hata mstari mmoja unaosema "kama unatumia dawa za kisukari, muone daktari wako kwanza". Hilo nawalaumu nalo mpaka leo, kwa sababu wagonjwa wao wengi wana kisukari, na ningekuwa peke yangu nyumbani sijui ingekuwaje.

Sababu ya zile wiki mbili niliipata usiku wa kuamkia operesheni. Daktari alichora nyuma ya fomu. Hapa ini, hapa mfuko wa chakula. Upande wa kushoto wa ini unalala juu ya mfuko. Upasuaji wa matundu madogo unahitaji ini liinuliwe kwa kifaa ili waone wanapokata. Kwa sisi wenye miili mikubwa ini mara nyingi limejaa mafuta, limevimba, zito, likiguswa vibaya linachanika na kutoa damu. Ukiacha wanga, ini linatumia akiba yake ya sukari, na akiba hiyo hukaa na maji mengi, kwa hiyo linasinyaa ndani ya siku chache tu, na mafuta nayo yanapungua. Maneno ya dakika tano. Ningeyasikia mapema nisingelia usiku kwa njaa nikidhani nanyanyaswa.

Nikamuuliza habari ya shoga yangu. Akasema madaktari wanatofautiana, wapo wanaoridhika na siku chache, wapo wanaotaka wiki mbili, wapo wanaofika mpaka nne, na wengine wanaangalia uzito wa mgonjwa na hali ya ini lake. Baadaye nilijua kwamba shoga yangu alikuwa na kilo 96 na altrasaundi yake ilionyesha ini zuri. Hata kufunga kabla ya dawa ya usingizi tulitofautiana: yeye hakuonja kitu tangu saa sita usiku, mimi niliruhusiwa maji matupu mpaka zilipobaki saa mbili niingie chumba cha upasuaji.

Sasa baada. Hapa ndipo karatasi ilipoharibika kabisa.

Siku mbili za mwanzo wodini zilikuwa nzuri, nesi analeta kile kikombe kidogo cha dawa, mililita 30 za maji, nipige funda polepole, robo saa ipite, kingine. Nilipotoka nilipewa karatasi ya pili: wiki ya kwanza vimiminika vyepesi, wiki ya pili vimiminika vizito, wiki ya tatu na ya nne vyakula laini, kuanzia ya tano chakula cha kawaida kidogo kidogo. Mifano yao ilikuwa rasam (supu yao nyepesi ya viungo), maji ya dengu, idli (vitumbua vyao vya mvuke) iliyolowekwa, panir (jibini lao laini) iliyovurugwa. Chakula chao wenyewe, sawa kabisa kwao. Mimi narudi Temeke.

Wiki mbili za kwanza nilizimudu. Nilipata kipimo changu mwenyewe, kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha wauza kahawa wa mitaani. Kikijaa supu ya samaki iliyochujwa, ndio mlo. Wiki ya tatu ikafika, karatasi inasema laini. Na kwetu laini ni nini? Mama yangu akanisongea ugali mlaini wa sembe, na mlenda. Alisonga kwa mapenzi, mtoto wake hajala kitu cha maana mwezi mzima. "Kula mwanangu, huu hata kutafuna huhitaji." Nikala matonge matatu madogo.

Tonge la tatu halikushuka. Nilisikia kitu kimesimama katikati ya kifua, kama jiwe, kinabana mpaka mgongoni. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, yenye povu, natema yanajaa tena. Nilikaa bafuni karibu saa nzima mpaka nikatapika. Hofu yangu kubwa ilikuwa mshono umeachia. Nikaandika ujumbe kwenye namba ya hospitali waliyonipa kwa dharura. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, likisema nisome karatasi.

Aliyenitoa kwenye giza ni mtaalamu wa lishe wa hapa hapa Dar, dada mmoja mpole ambaye nilielekezwa kwake na daktari wangu wa kisukari. Aliisoma karatasi ya India, akaisoma na ya shoga yangu ambayo nilikuwa nimetumiwa, iliyosema vya kusagwa mpaka wiki ya sita. Mimi nilitaka aniambie ipi ya kweli. Akasema, "Dada, hizi hazigombani. Zote zinalinda mshono upone, kila hospitali imepanga siku zake. Halafu mwenzio alifanyiwa baipasi, wewe slivu." Kumbe! Mwaka mzima tumeongea kama tumefanyiwa kitu kimoja. Kwenye baipasi chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo, ndiyo maana karatasi yake inakataza sukari kwa herufi kubwa: alipokunywa juisi ya miwa siku moja moyo ulienda mbio, jasho, kuhara, akalazimika kulala. Mimi shida yangu imekuwa zaidi kiungulia.

Kuhusu ugali, alinieleza kwamba ulaini wa mkononi haunisaidii kitu. Ugali, mkate na wali uliobonda vinashikamana na kuwa donge, na mrija wangu bado umevimba ndani. Laini kwa mgonjwa wa slivu ni kitu ambacho ukikibonyeza kwa uma kinatawanyika. Kisha akanibadilishia karatasi yote chakula kwa chakula. Dengu zao zikawa choroko zilizopikwa mpaka zikapasuka, zikasagwa na kuchujwa maganda. Panir ikawa yai la kuvuruga lenye maziwa kidogo. Maziwa yao ya kupiga yakawa mtindi usio na sukari. Kwa protini alinipa lengo la gramu 60 kwa siku kwenda juu, na akanifundisha kuhesabu: yai moja kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, samaki wa gramu 100 karibu 20. Kwenye kila mlo naanza na protini, mboga zinafuata, wanga mwisho kama nafasi ipo. Nafasi huwa haipo.

Samaki changu wa mchemsho ndiye aliyeniokoa. Nilikuwa namtoa miba kwa vidole, mara mbili, nakagua kila kipande kwenye mwanga wa dirisha, naponda kwa uma na supu yake, natia ndimu. Vijiko vinne vya chai, dakika ishirini, nimeshiba kabisa. Maji nusu saa baadaye, si pamoja na chakula. Kwa mtu aliyekulia kwenye chapati na chai ya maziwa, hili la kutenganisha maji na chakula lilinisumbua kuliko njaa, na mpaka leo naweka simu inikumbushe.

Jambo jingine ambalo karatasi ililipitia juu juu ni vitamini. Iliandika "multivitamini kila siku". Huyu dada alinikalisha: multivitamini ndiyo, na B12, na vitamini D, na kalsiamu, na madini ya chuma kwa kuwa bado naona siku zangu, na ni za maisha yote. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, vipishane saa mbili au zaidi, na chuma kisikaribiane na chai. Akaniambia pia kwamba nikitapika siku mbili tatu mfululizo nisikae nyumbani nikingoja ipite, kwa sababu vitamini B1 inaisha mwilini haraka na ikiisha inaathiri mishipa ya fahamu na ubongo. Mwezi wa nne nywele zilinyonyoka kwa mafungu kwenye kitana. Nililia. Akapima damu, chuma kilikuwa chini, tukaongeza dozi na protini, na mwezi wa tisa vinyweleo vipya vilikuwa vimejaa kwenye paji la uso.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Machi, nikiwa wiki ya sita, na nilikatazwa kufunga. Sikuwa na jinsi ya kunywa lita moja na nusu ya maji kwa mafunda kati ya futari na daku. Mwaka uliofuata, vidonge vya kisukari nimeshaachishwa, daktari aliniruhusu nijaribu, nikafungua kwa tende moja na maji, nikasubiri nusu saa ndipo nikala samaki.

Nikitoa alama: upasuaji na manesi 5 kati ya 5. Mlo wa kabla 3, kwa sababu ulifanya kazi yake lakini ulinikosesha onyo la dawa. Mlo wa baada 2. Mtaalamu wa lishe wa Dar nampa zote, na nilimlipa sehemu ndogo sana ya nilichotumia India. Anayepanga kwenda, mtafute mtaalamu wa nyumbani kabla hujakata tiketi, mpe karatasi zako aziandike upya kwa chakula cha jikoni kwako, na ukimuuliza aliyetangulia, muulize kwanza alifanyiwa operesheni gani.

Hospitali niliwaandikia barua pepe. Niliwaomba waongeze mstari wa dawa za kisukari, waeleze habari ya ini, na waweke mifano ya vyakula vya Afrika Mashariki kwa kuwa siku niliyolala mimi wodini tulikuwa Watanzania wawili na Mkenya mmoja. Niliambatanisha orodha ya mtaalamu wangu, kwa ruhusa yake. Wamejibu kwa heshima kwamba wameipeleka idara ya lishe. Karatasi mpya sijaiona bado.