Tahadhari: muuzaji wa mafuta ya mdalasini anayesema "paka tu hivyo hivyo"

Jamani wapenzi wa mafuta ya harufu, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na mafuta ya mdalasini, mkimwona mpiteni mbali. Mimi keshaninasa. Nilimuuliza kabisa kwa meseji, haya nayachanganya na nini, akajibu "ni safi asilimia 100 dada, hayana kemikali, paka tu hivyo hivyo", na mimi kwa akili zangu nikadondosha matone mawili mkononi, pale ndani karibu na kiwiko. Dakika tano hazijaisha pamekuwa pekundu panawaka kama nimesuguliwa pilipili, nikakimbilia bomba, kumbe ndo nakosea zaidi maana mafuta na maji havishikani, yanasambaa tu. Kilichoniokoa ni kufuta kwa mafuta ya kupikia kwanza, halafu sabuni. Alama ninayo mpaka leo.

Sasa hilo neno "safi" ndo mtego wenyewe. Mafuta ya gome la mdalasini yamejaa sinamaldehidi (kemikali inayoupa mdalasini harufu na ukali wake), yakiwa safi ndo yanaunguza vizuri! Kikomo kinachoshauriwa kwenye ngozi ni asilimia 0.07, yaani hata tone moja kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi bado limezidi. Ya majani yana yujenoli zaidi (kemikali ile ya kwenye karafuu), ni nafuu kidogo, ila nayo si ya kupaka bila kuchanganya. Na ngozi ikishayakataa inaweza kuyakataa maisha.

Chupa yake tu ingenishtua (sikutaka kushtuka). Plastiki nyeupe, shingo inanata imeanza kulegea, lebo imeandikwa "mdalasini" basi, gome au majani haisemi. Wauzaji wanaojua kazi wanatumia kioo cheusi au cha kahawia na jina kamili la kisayansi la mmea, Cinnamomum verum au Cinnamomum cassia.

Tena anawaambia watu watie tone kwenye chai na kwenye maji ya kuoga, msithubutu. Mimi siku hizi natumia difyuza tu (kifaa cha kusambaza harufu hewani), tone moja au mawili, dirisha wazi, nusu saa nazima, paka wangu namtoa nje. Mwenye mimba, mwenye pumu, watoto wadogo na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, achaneni nayo mpaka muongee na daktari.

Nilipomtumia picha ya mkono akanibloku. Jana nimemwona na akaunti mpya, chupa zile zile, na chini kaandika "safi asilimia 100, paka moja kwa moja".