Sayansi kwa watoto: runinga ya bure au YouTube?

Kwa gharama, runinga inashinda wazi. Akili Kids!, chaneli ya watoto ya Kenya iliyo hewani tangu 2020, haidai bando. King'amuzi na antena vinatosha. Tena hakuna video ya ajabu itakayojitokeza yenyewe. Lakini stima ikipotea saa ya kipindi, mtoto amekikosa.

YouTube kwenye simu yenye chaji na bando huendelea, na utamu wake uko kwenye kusimamisha. Mnatazama Ubongo Kids, katuni za elimu za Tanzania, swali linazuka, mnajaza beseni maji: chungwa lenye ganda linaelea, likimenywa linazama. Kwa nini? Ganda limejaa hewa. Mtoto hasahau hilo! Ila lazima ukae naye.

Ukifika nyumbani usiku, runinga inafaa zaidi. Ukiwa na jioni huru, chagua simu.