Miaka minne na maikrowevu ya lita 20: cheche, uji wa mtoto na kipande cha maika

Hii maikrowevu nimeinunua Kariakoo mwaka 2021, shilingi 180,000, lita 20, wati 700, ile ya viswichi viwili vya kuzungusha, cha juu cha nguvu ya moto na cha chini cha dakika. Jina la kampuni naliacha manake ninayotaka kusema yanagusa karibu zote za aina hii. Naandika kwa sababu mashoga zangu wengi wananiuliza kabla hawajanunua, af kuna mambo mawili natamani sana mtu angeniambia siku ile ile naibeba kwenye bajaji.

Sisi tunakaa Tabata, mume wangu anaingia zamu za usiku, mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo nyumbani kwetu kila mtu anakula kwa wakati wake na kiporo ndo maisha. Kabla ya hapo tulikuwa tunapasha kwenye jiko la gesi, wali unashika chini, mchuzi unakauka, sufuria tatu zinachafuka kwa ajili ya sahani moja. Tangu ije, mtu anapakua, anafunika, dakika mbili anakula. Kwa hilo sina lalamiko hata moja.

Sasa cheche. Mwaka jana jioni moja napasha maharage ya nazi, nikasikia ndani tra-tra-tra kama mafuta yanaruka kwenye kikaango, kuangalia kwenye kioo naona mwanga wa njano na bluu unapiga upande wa kulia, na harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Nikazima ukutani pale pale, sikufungua mlango hadi moshi utulie. Ilivyopoa nikachungulia: kwenye ukuta wa kulia kuna kakaratasi kagumu ka rangi ya kijivu, kila siku nakaona na sikuwahi kujiuliza ni ka nini, kametoboka tundu jeusi kubwa kama sarafu ya mia, pembeni pamekuwa mkaa mtupu.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hata hakufungua mlango vizuri, akasema magnetroni, kile kinachotengeneza mawimbi, imekufa, elfu tisini, au nunua nyingine. Nikarudi nayo nyumbani roho inaniuma. Jirani akanielekeza kwa fundi mwingine, huyu akaingiza kidole, akagusa lile tundu, kidole kikatoka cheusi kina mafuta, akaniambia, "Mama, magnetroni yako nzima. Hii ni maika, imeliwa na mafuta." Akanieleza taratibu: mawimbi yanatengenezwa kwenye magnetroni, yanapita kwenye njia ya bati, yanaingia kwenye chakula kupitia hapo kwenye kadirisha, na maika kazi yake ni kuyaruhusu mawimbi yapite huku ikizuia mvuke na mafuta yasiingie kule nyuma. Mchuzi ukirukia pale na usifutwe, unaungua kila siku kidogo kidogo hadi unakuwa mkaa, na mkaa unapitisha umeme, ndo hapo cheche zinapoanza. Akachukua shiti mpya ya maika, akaweka ile ya zamani juu yake, akachora, akakata na mkasi wa kawaida, akafuta ukuta, akabandika. Akajaribisha na glasi ya maji dakika moja. Elfu nane pamoja na ufundi wake. Elfu nane, na mimi nilikuwa nakaribia kutoa elfu tisini!

Ila hapo hapo akanionya kitu ambacho nakiandika kwa msisitizo: kubadilisha kile kijikaratasi ni kazi inayofanyika pale pale unapowekea chakula, lakini lile bati la nje lenye skrubu usilifungue wewe, wala mtoto wako wa chuo anayesoma mambo ya umeme asilifungue. Nyuma ya bati hilo kuna kapasita na transfoma inayopandisha umeme zaidi ya volti 2,000, na kapasita inaweza kubaki na umeme hata kama plagi umeichomoa muda mrefu. Hiyo sio shoti ya kuruka mkono ukacheka, hiyo inaua. Fundi anayejua anaitoa chaji kwanza ndo anagusa.

Tangu siku ile usafi nimeuchukulia kwa uzito mwingine kabisa. Nimenunua kile kifuniko cha plastiki chenye vitundu juu, elfu tano tu, kila sahani lazima ifunikwe, na kama hakipo unafunika na sahani nyingine ya kigae ila uache mwanya mvuke utoke. Kila Jumamosi naweka bakuli la maji nusu, nakamulia ndimu moja na maganda naacha humo humo, naweka na kijiko cha mbao, dakika tatu, naacha mlango umefungwa dakika tano nyingine ule mvuke ulainishe, halafu nafuta na kitambaa laini, darini, kuta, na pale kwenye maika kwa mkono mwepesi sana manake inavunjika kama biskuti. Stiliwaya hapana. Ukikwaruza ile rangi ya ndani bati likaonekana, kutu inaingia na cheche zinakuja tena. Sahani ya kioo naosha ikipoa, ikiwa ya moto ukiitia kwenye maji baridi inapasuka. Na usisahau kale karingi ka vigurudumu chini yake, kakijaa makombo sahani inazunguka kwa kukwama kwama.

Jambo la pili ndo lililoniumiza zaidi. Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka na miezi miwili, dada wa kazi akampashia uji wa lishe kwenye kikombe cha plastiki, akashika kikombe kwa nje akaona vuguvugu, akampa. Mtoto alipiga kelele ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unasisimka. Kumbe katikati uji ulikuwa unachemka. Malengelenge mdomoni, siku nne hali kitu zaidi ya maziwa ya baridi. Dada alilia kuliko hata mtoto, na sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa napima kwa kushika kikombe. Daktari akatueleza: mawimbi yanaingia ndani ya chakula sentimita chache tu na hayagawanyiki sawa, kuna sehemu inapigwa sana na nyingine haiguswi, na kitu kizito kama uji hakijichanganyi chenyewe kama maji, kwa hiyo unakuta mifuko ya moto humo ndani huku juu na pembeni pamepoa.

Sasa kwetu uji wa mtoto ni hivi: sekunde thelathini, toa, koroga mpaka chini, rudisha sekunde nyingine thelathini, koroga tena, subiri dakika nzima, dondoshea kwenye kiganja upande wa ndani, onja wewe kwanza. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hayaingii kabisa humo, hayo unaweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto yapate uvuguvugu taratibu. Na hata kwa wakubwa, kiporo cha mchuzi wa nyama kikoroge katikati ya safari, uhakikishe kimefuka mvuke mpaka ndani, manake pale palipobaki ubaridi ndo vijidudu vinabaki hai. Wali wa jana uliolala mezani usiku kucha usidhani ukiupasha umepona, kuna sumu ya bakteria wa wali haifi kwa kupasha moto. Wali unatakiwa uingie friji mapema.

Maji ya chai nayo yana mtego wake. Ukichemsha maji kwenye kikombe kipya laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa hata povu moja, umeyaangalia yametulia kabisa, ukitia kijiko au majani ya chai yanalipuka yote usoni. Weka kijiko cha mbao ndani kabla hujawasha na usizidishe dakika. Na yai la kuchemsha, liwe na ganda au limemenywa, usipashe, mvuke unabanwa ndani linapasuka, mara nyingine linapasuka tayari uko nalo mdomoni.

Mama mkwe alivyokuja kutoka Lushoto alikataa chakula cha maikrowevu wiki nzima. "Mama Nuru mwanangu, hicho chombo kina mionzi, mtakuja kupata saratani nyie na hawa wajukuu zangu." Nikamwambia, mama, nakuelewa, hata mimi nilikuwa naogopa. Nikampeleka nikamuonyesha ile wavu ya bati kwenye kioo cha mlango. Wimbi la humo lina urefu wa kama sentimita 12, haliwezi kupita kwenye vitundu vidogo vile, na ukifungua mlango inazima yenyewe, hakuna kinachobaki kwenye chakula, ni sawa na taa ukiizima mwanga haubaki kwenye kuta. Ni mawimbi ya jamii moja na ya redio, sio kama ya eksirei. Mume wangu akaongezea kwamba wai-fai yetu inasuasua ikiwa inawaka, kwa sababu zote zinatumia masafa yanayokaribiana ya gigahezi 2.4, na yale machache yanayovuja pembeni ya mlango yanatosha kusumbua wai-fai lakini sio kuunguza mtu. Lakini mama mkwe ana haki ya kuwa makini sehemu moja: mlango. Mlango ukipinda, bawaba zikilegea, kioo kikipasuka au ule ukingo ukijaa uchafu hadi haufungi vizuri, acha kutumia mpaka fundi aone. Watoto wangu hawaruhusiwi kuning'inia kwenye mlango ule kabisa.

Umeme. Hapa Dar umeme ukikatika ukirudi unarudi na nguvu za ajabu, kwa hiyo ukikatika tu nachomoa plagi, na nimeweka stabilaiza baada ya friji ya jirani kuungua. Umeme ukiwa mdogo utaisikia inaguna tu sahani inazunguka chakula hakipati moto, zima, usilazimishe. Ekstensheni sitaki hata kuiona. Imeandikwa wati 700 lakini hizo ndo zinazofika kwenye chakula, ukutani inavuta kama 1,150, sasa ukiichomeka kwenye ekstensheni ya elfu sita pamoja na birika la umeme waya unayeyuka. Soketi yake iwe ya ukutani, ya peke yake, plagi ya miguu mitatu na waya wa ethi uwe umefungwa kweli, maana kuna nyumba za kupanga ule mguu wa tatu ni pambo. Nyuma acha nafasi ipumue, usiweke kitambaa juu wala mikate. Na mende jamani, wanapenda joto la kule ndani, ya dada yangu walizalia kwenye kisaa cha namba hadi namba zikawa hazisomeki, ndo mana nilichagua ya kuzungusha.

LUKU watu wanaogopa bure. Sisi kwa siku inawaka kama dakika 20, hiyo ni chini ya nusu yuniti, kwa mwezi yuniti 11 au 12, kwa bei yetu ya yuniti shilingi 350 na ushee inakuja kama elfu nne. Mtungi wa gesi sasa unakaa wiki moja zaidi.

Vyombo: kioo kizito na vya kigae ndo salama. Kikombe chenye mstari wa dhahabu kitatoa cheche, foili hivyo hivyo, sahani za melamini zinapata moto zenyewe kuliko chakula. Kopo la aiskrimu usipashie, lile ni la kuwekea tu, linalegea. Hotpoti usijaribu.

Chakula chenyewe, wali nyunyizia maji vijiko viwili funika, unatoka kama umepikwa sasa hivi. Ugali vivyo hivyo ila ukate vipande. Chapati zungushia kitambaa kibichi safi sekunde ishirini tu, ukipitisha inakuwa ngumu kama ngozi. Sambusa na chipsi rudi kwenye kikaango, humu zinalegea. Samaki wa kukaanga watanukisha hadi chai ya kesho.

Mapungufu ya hii yangu: kile kiswichi cha dakika hakina usahihi chini ya dakika moja, inabidi ukizungushe kwanza hadi kipite dakika mbili halafu ukirudishe nyuma ndo kinashika vizuri. Taa ya ndani ilikufa mwaka wa tatu, nimeiacha mpaka nipate safari ya kwa fundi. Isiwashwe ikiwa tupu, nguvu ikikosa chakula cha kuinyonya inarudi kuipiga magnetroni, na watoto wanapenda kuzungusha kile kiswichi kwa kuchezea, kwa hiyo mimi nachomoa.

Ningekuwa nanunua leo ningechukua aina hii hii, ningemwomba muuzaji aiwashe dukani na glasi ya maji, na ningeuliza maika yake inapatikana wapi. Ile shiti fundi aliyokata ilibaki kipande, akanipa bure. Nimekiweka kwenye droo ya vijiko ndani ya bahasha pamoja na risiti, nimeandika juu "maika ya maikrowevu", ili hata kama sipo mtu asije akaambiwa tena elfu tisini.