EGM-5 na chemba zake mbili: nzuri kwa nyasi, si kwa mahindi

Anayetaka kupima upumuaji wa udongo (CO2 inayotolewa na mizizi na vijidudu vya ardhini) pamoja na usanisinuru wa mimea iliyo juu yake kwa mashine moja, aanze na EGM-5 ya PP Systems. Kichanganuzi ni kimoja, husoma CO2 kwa mionzi ya infraredi. Kinachobadilishwa ni chemba. SRC-2 haipitishi mwanga na huwekwa juu ya udongo. CPY-5 hupitisha mwanga, hufunika mimea mifupi, na ina vihisi vya mwanga na joto.

SRC-2 ina kipenyo cha sentimita 10 na ujazo wa takriban lita 1.17. Ukiikandamiza ardhini kila unapopima, unatikisa udongo na kuufukuza CO2 uliokuwa umetulia. Tumia pete za bomba la PVC la inchi 4, na uende dukani na chemba yenyewe, maana unene wa mabomba hutofautiana. Kata urefu wa sentimita 6, noa ukingo wa chini, zamisha 4, ziache angalau siku nzima. Wiki ni bora zaidi. Zile sentimita 2 zinazobaki juu huongeza kama mililita 157 za hewa. Zisipoingizwa kwenye hesabu, jibu hupungua kwa karibu asilimia 12, na hili ndilo kosa linalojaa kwenye data za wanafunzi.

Kuzamisha zaidi hakusaidii. Unakata mizizi midogo, nayo ndiyo inayopumua sukari iliyotoka kwenye majani. Kule Uswidi, Peter Högberg na wenzake walibandua gome kuzunguka mashina ya misonobari ili sukari isishuke. Katika matokeo yao ya 2001, CO2 inayotoka kwenye udongo ilipungua kwa hadi asilimia 37 ndani ya siku 5. Kwa sababu hiyohiyo, ng'oa au kata machipukizi yaliyo ndani ya pete tu, usifyeke eneo zima.

Kipimo chenyewe cha SRC-2 ni chepesi: sekunde 15 za kupitisha hewa safi, kisha 120 za kufunga. Mstari wa CO2 unapaswa kupanda ukiwa umenyooka. Ukipinda mapema au kuyumba, kagua sponji ya ukingo kwanza, halafu upepo. Chokaa ya soda, yaani punje zinazofyonza CO2, ikibadilika rangi ibadilishe siku hiyohiyo, kwani mashine huitumia kupata sifuri yake. Matokeo yakiwa ya gramu za CO2 kwa mita ya mraba kwa saa, gawanya kwa 0.158 upate mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde.

CPY-5 inahitaji haraka. Kwenye jua kali joto la ndani hupanda upesi na majani huanza kufunga vitundu vyake vya hewa, hivyo sekunde 60 zinatosha. Pima kwenye mwanga, ipeperushe, kisha ifunike kwa kitambaa cheusi chenye upande mweupe nje upime tena. CO2 iliyofyonzwa mwangani jumlisha na iliyotolewa gizani: hiyo ndiyo usanisinuru ghafi, yaani wote kabla ya kuondoa upumuaji. Kipimo cha gizani kina majani ndani yake, kwa hiyo kisiitwe upumuaji wa udongo.

Mvua za kwanza zikinyesha juu ya udongo mkavu, subiri. Mlipuko wa CO2 unaofuata, ambao H. F. Birch aliueleza miaka ya 1950 akiwa Muguga, Kenya, ni kazi ya vijidudu. Mimea haihusiki nao.

Udhaifu mkubwa ni kwamba mashine hii inabebwa mkononi. Kwenye savana ya mialoni ya California, upumuaji wa udongo chini ya miti uliufuata usanisinuru kwa kuchelewa saa 7 hadi 12. Ucheleweshaji wa namna hiyo huuoni kwa ziara ya asubuhi na jioni. Unahitaji chemba ya kujiendesha inayopima kila nusu saa, mchana na usiku. Mahindi yakishavuka goti, nayo CPY-5 haiyafuniki tena. Kwa malisho, bustani za miche na viwanja vya mpunga wa nchi kavu ukiwa bado mdogo, inunuliwe, na chokaa ya soda ya akiba iagizwe humohumo kwenye oda.