Ukisafiri, kuku unamwachia nani? Machaguo manne, kuanzia lililo bora

Chakula si tatizo. Tetea anayetaga hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, kwa hiyo kuku sita hawamalizi kilo sita kwa wiki nzima. Unachokinunua hasa ni macho: mtu wa kufika magharibi, awahesabu wakiwa juu ya fito, kisha afunge mlango. Nimeyapanga kwa kigezo hicho.

1. Jirani anayepita asubuhi na jioni. Namweka juu hata ya mtaalamu, maana kelele za usiku atazisikia. Mlipe mtakavyoelewana, na mayai yote ya siku hizo yawe yake. Hapo atafungua viota kila siku bila kukumbushwa. Mayai yakirundikana, tetea ataanza kuatamia au, vibaya zaidi, kuyadonoa, na kuku akishaonja yai kumwachisha ni kazi.

Kama naye anafuga, mwekee kandambili za kuvaa bandani tu, kwani ugonjwa wa mdondo husafiri kwenye viatu. Siku mbili kabla ya safari mwite afanye kila kitu mwenyewe, wewe ukae kimya utazame. Wangu alikwama kwenye komeo: lazima ulinyanyue kidogo ndipo liingie. Mimi nilishasahau kwamba huwa nalinyanyua.

2. Mtunza wanyama wa kulipwa. Kabla ya bei, muulize atafika saa ngapi jioni. Anayekuja adhuhuri tu hakufai, hata awe rahisi vipi. Muulize pia kama amewahi kumshika kuku, na kama akimwona amejikunyata pembeni, manyoya yamemtutumka na macho amefumba, atajua kwamba huyo si wa kusinzia bali ni mgonjwa. Akutumie picha ya fitoni kila jioni. Uhesabu mwenyewe.

3. Vifaa. Ninavyo na navipenda, ila kama msaidizi wa namba 1, siku jirani akichelewa. Kilishio cha kukanyaga, ambacho kifuniko chake hufunguka kuku akisimama kwenye kibao, huwazuia panya na ndege, lakini wazoeshe kuku wiki kadhaa kabla. Kuna waoga wanaokimbia kila kifuniko kinapolia. Maji yanataka hesabu zaidi: kila kuku hunywa karibu robo lita kwa siku, na kwenye joto kali yanaweza kufika maradufu. Weka vyombo viwili kivulini, maana kimoja kikipinduka siku ya jua utapoteza kuku.

Mlango unaojifunga kwa saa au kwa mwanga ndio watu wengi wanaoukimbilia dukani. Unafunga vizuri sana. Hauhesabu. Niliwahi kurudi alfajiri nikaukuta umeshuka barabara, na nje yake manyoya ya tetea aliyechelewa kuingia. Ukinunua, weka betri mpya kabla ya kuondoka.

4. Kuwapeleka kwa mfugaji mwingine. Nakubali ikiwa tu ana banda la pembeni lililo tupu. Ukiwachanganya na wenyeji watadonoana mpaka damu, wengi wataacha kutaga kwa sababu ya kuhamishwa, na watarudi nyumbani na utitiri.

Kurundika chakula na kuondoka hakumo kwenye orodha hii. Usiku wa kwanza panya watakuwa wameshapata habari.